Kupunguza Mfuko wa Chakula
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Kirumba na kando ya Ziwa

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana penseli na daftari lake. Anayesoma vizuri na akae karibu na mwenzake aliyeanza juzi. Leo tutasoma, na tutafanya hesabu pia.

Somo letu ni la mwili wa binadamu. Tutazungumza juu ya unene uliopita kiasi, na juu ya upasuaji ambao waganga huufanya ili kumsaidia mtu mwenye unene huo.

Najua wengine wenu wamekwisha kucheka. Mtu mmoja hapo nyuma anasema, "Unene nao ni maradhi? Unene si neema?" Vema. Swali hilo ni zuri, na tutalijibu. Lakini kwanza twende sokoni, mahali mnapopajua. Baadaye tutakwenda hospitali.

MAMA WA MFANO

Soko letu ni Mwaloni. Dagaa huletwa hapo kutoka visiwani, hupimwa, huuzwa, na kupakiwa katika malori kwenda mikoa mingine na hata nchi za jirani. Basi tumchukue mama mmoja mwuza dagaa. Huyu ni mama wa mfano tu. Kesho msiende kumtafuta sokoni.

Mama huyu ana miaka 44. Watoto wake wamesomeshwa kwa dagaa. Watu wakipita mbele ya meza yake humsifu: "Mayu, umeneemeka!" Naye hucheka pamoja nao.

Lakini usiku hacheki. Magoti yanamwuma. Ana maradhi ya sukari na ana shinikizo la damu. Akilala hukoroma kwa nguvu, kisha pumzi hukatika, naye hushtuka kama mtu aliyekuwa anazama majini. Nyumba yake iko juu kilimani, kati ya yale mawe yetu makubwa. Zamani alipanda njia ile na ndoo kichwani bila kusimama. Siku hizi hana ndoo, na bado husimama mara nne. Mwaka huu amemwachia binti yake kazi ya kupima dagaa, kwa sababu yeye hawezi kusimama saa nyingi.

Je, hakujaribu kupungua? Alijaribu sana. Aliacha kula usiku. Alinunua dawa ya majani kwa mchuuzi aliyepita sokoni, akaharisha siku tatu. Mara moja alipungua kilo 6, na baada ya miezi michache zikarudi kilo 8. Watu wakasema, "Huyu hana nia." Naye mwenyewe akaanza kusadiki hivyo.

Kumbukeni neno hilo, "hana nia." Tutalirudia.

HESABU YA UZITO NA UREFU

Sasa chukueni penseli. Waganga hawatazami mtu kwa macho tu na kusema huyu ni mnene. Hupima. Ninyi mnajua mizani vizuri kuliko mimi, kwa hiyo hesabu hii haitawashinda.

Kwanza, mpime mtu uzito wake kwa kilo.

Pili, mpime urefu wake kwa meta, bila viatu.

Tatu, zidisha urefu kwa urefu.

Nne, gawa uzito kwa jawabu ulilopata.

Mama wetu ana kilo 128, na urefu wake ni meta 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60. Jawabu ni 2.56. Sasa gawa 128 kwa 2.56. Jawabu ni 50. Andikeni: hamsini.

Namba hiyo ina maana gani? Kwa mtu mzima, kuanzia 18.5 mpaka kabla ya 25 ni uzito wa kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene wa maradhi, ambao katika vitabu vya afya huitwa kiribatumbo. Kuanzia 40 ni kiribatumbo kikali sana. Mama wetu ana 50.

Namba hii ina upungufu wake. Mpagazi mwenye misuli mikubwa aweza kupata namba kubwa naye si mgonjwa. Mwanamke mjamzito hapimwi kwa hesabu hii. Na mtu aweza kupata namba ndogo huku ana kitambi kikubwa chenye hatari. Kwa hiyo namba ni mlango tu. Mganga huingia ndani zaidi na kupima damu, moyo na pumzi.

Je, ni watu wachache tu wenye shida hii? Katika uchunguzi wa afya wa taifa letu wa mwaka wa 2015 na 2016, kati ya kila wanawake 100 wenye miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Na Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika mwaka wa 2022, mtu 1 kati ya kila watu 8 duniani alikuwa na kiribatumbo. Wenye namba ya 40 na zaidi ni wachache kuliko hao. Lakini wapo, na mara nyingi wamejificha nyumbani kwa haya.

KWA NINI MWILI HUKATAA KUPUNGUA

Sasa turudie lile neno, "hana nia."

Fikirini mwenye duka. Akiona mali inapungua rafuni, hufanya mambo mawili. Hupunguza matumizi, na hutuma watu haraka kuleta mali nyingine. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo. Mtu akipungua kilo nyingi, mwili hudhani njaa imeingia nchini. Hupunguza kutumia nguvu, na hutuma habari ya njaa kichwani, tena na tena, mchana na usiku.

Habari hiyo hupelekwa na vitu viitwavyo homoni. Homoni ni wajumbe wanaosafiri ndani ya damu. Mwaka wa 1999, wataalamu wa Kijapani waligundua mjumbe mmoja anayetoka hasa katika mfuko wa chakula. Kazi yake ni kuuambia ubongo, "Njaa! Tafuta chakula!" Mtu akijinyima ili apungue, mjumbe huyu huongezeka.

Kwa hiyo mama wetu hakukosa nia. Alipigana na mwili wake mwenyewe, na mwili una maarifa mengi ya kujilinda na njaa. Kula kwa kiasi, kuacha soda na vitu vya mafuta mengi, na kutembea ni mambo mema kwa kila mtu, na huzuia unene usianze. Lakini mtu aliyefika namba 50, mara nyingi hayo peke yake hayamfikishi mbali. Ndiyo maana waganga walitafuta njia nyingine.

UPASUAJI HUU ULIANZAJE

Katika miaka ya 1950, waganga wa Marekani walianza kuunganisha utumbo ili chakula kipite njia fupi, kisikae mwilini. Watu walipungua kweli. Lakini wengi waliharisha bila kikomo, wengine wakapata mawe katika mafigo, na wengine ini likaharibika. Upasuaji ule wa kwanza umeachwa.

Mwaka wa 1966, mpasuaji mmoja wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, jina lake Edward Mason, alitumia njia nyingine. Waganga walikuwa wameona jambo moja: wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo, walipungua na kukaa wembamba. Mason akafikiri: kama ni hivyo, mfuko mdogo waweza kuwa dawa kwa mtu mnene kupita kiasi. Akaugawa mfuko wa chakula, akaacha sehemu ndogo tu ya kupokea chakula. Kutoka hapo kazi hii imeendelea kutengenezwa mpaka leo.

NJIA ZA SIKU HIZI

Siku hizi upasuaji huu hufanywa kwa matundu madogo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi. Mpasuaji hutoboa matundu machache tumboni, huingiza kamera nyembamba na vyombo virefu, na hufanya kazi huku akitazama katika kioo cha televisheni. Kidonda kidogo hupona upesi kuliko kidonda kikubwa.

Njia zinazofanywa zaidi ni mbili.

Njia ya kwanza ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Mfuko wa kawaida ni mpana, kama kiriba. Mpasuaji hukata na kuondoa kama robo tatu yake au zaidi kidogo. Inayobaki ni nyembamba na ndefu, umbo lake kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa inayotoa yule mjumbe wa njaa. Kwa hiyo mtu hushiba upesi, na pia njaa yenyewe hupungua. Sehemu iliyokatwa hairudishwi tena.

Njia ya pili ni njia ya mkato. Mpasuaji hutenga kifuko kidogo juu, kama yai dogo la kuku. Kisha hukiunga na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Njia hii ni ndefu zaidi kuifanya, lakini husaidia sana watu wenye sukari.

Iko pia njia ya tatu, ambayo si upasuaji. Hiyo ni puto. Puto laini huingizwa kwa mdomo mpaka katika mfuko wa chakula, kisha hujazwa maji, mara nyingi kama nusu lita. Mtu hujisikia ameshiba. Puto si la kudumu. Baada ya miezi sita, au mwaka mmoja kwa aina nyingine, hutolewa. Mtu hupungua kiasi, lakini si sana kama kwa upasuaji, na asipobadili desturi zake uzito hurudi.

Ziko vilevile sindano mpya za kila wiki zinazopunguza njaa. Nazo husaidia wengi, lakini mtu akiziacha, uzito huelekea kurudi. Na zote hizo ni kazi ya mganga, si kazi ya mchuuzi.

FAIDA YAKE NI KIASI GANI

Chukueni penseli tena. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu kwa kawaida hupungua kama robo ya uzito wake, na wengine zaidi kidogo. Mama wetu ana kilo 128. Robo ya 128 ni ngapi? Ni 32. Toa 32 katika 128. Zimebaki kilo 96.

Tazameni namba hiyo vizuri. Kilo 96! Mama huyu hatakuwa mwembamba. Hatakuwa kama alivyokuwa msichana. Gaweni 96 kwa 2.56, mtapata 37.5. Hata baada ya upasuaji, namba yake bado iko juu ya 30.

Basi kuna faida gani? Fikirini mfuko wa sembe wa kilo 25. Ongezeni kilo 7 juu yake. Mama wetu alikuwa akiupandisha mzigo huo kilimani kila jioni, juu ya magoti yale yale, na hakuwa na mahali pa kuutua. Sasa ameutua. Wagonjwa wengi wa sukari waliopasuliwa, sukari yao hushuka. Wengine hukaa miaka bila dawa, ingawa kwa baadhi yao maradhi hurudi. Shinikizo la damu hupungua kwa wengi. Pumzi za usiku hutulia.

Na maisha je, huongezeka? Nchini Sweden, kuanzia mwaka wa 1987, waganga waliwafuata watu 2,010 waliopasuliwa na watu 2,037 wanene kama wao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Habari zao zilitolewa mwaka wa 2007, baada ya kufuatwa kwa kadiri ya miaka 11. Katika wale waliopasuliwa, 101 walikuwa wamekufa. Katika wale wengine, 129. Tofauti si kubwa kama ya mchana na usiku, lakini ni tofauti ya kweli. Ni watu waliobaki na watoto wao.

HATARI ZAKE

Mwalimu asemaye faida tu na kuficha hatari si mwalimu, ni mchuuzi. Basi sikilizeni hatari.

Katika wale watu 2,010 wa Sweden, 5 walikufa katika siku 90 za kwanza baada ya kupasuliwa. Siku hizi, katika hospitali zenye uzoefu, hatari ya kufa ni ndogo, lakini haijawa sifuri. Pale mfuko uliposhonwa paweza kuvuja. Damu yaweza kutoka, au kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Baada ya miezi, mtu aliyepungua haraka aweza kupata mawe katika mfuko wa nyongo. Akila vitu vitamu sana baada ya njia ya mkato, aweza kutoka jasho, moyo kwenda mbio, na kuharisha. Pombe humlevya upesi kuliko zamani. Ngozi iliyonyooshwa hulegea na kuning'inia.

Tena liko jambo ambalo wengi hulisahau. Upasuaji ni wa saa chache, lakini matunzo yake ni ya maisha yote.

Kwanza, chakula. Wiki za mwanzo ni vitu vya majimaji tu. Kisha vitu laini vilivyopondwa. Baadaye chakula cha kawaida, lakini kidogo sana, na kutafunwa polepole. Samaki, mayai na maharage huliwa kwanza, na ugali baadaye. Sisi wa kando ya Ziwa tuna bahati; sato na dagaa ndicho chakula chenyewe anachohitaji. Maji hayanywewi pamoja na chakula, kwa sababu nafasi ni ndogo.

Pili, vidonge. Mfuko mdogo hauwezi kuchukua madini na vitamini za kutosha. Mtu lazima ameze vidonge vya vitamini, madini ya chuma na vya kuimarisha mifupa, siku zote za maisha yake. Akiacha, damu hupungua, na mishipa ya fahamu yaweza kuharibika.

Tatu, vipimo. Ni lazima arudi hospitali kupimwa damu, mwaka hadi mwaka, hata akijisikia mzima.

Nne, uzazi. Mwanamke aliyepungua huweza kushika mimba kwa urahisi kuliko zamani. Lakini inafaa angoje mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, ili mwili utulie. Na amwulize mganga njia ya uzazi wa majira inayomfaa, maana vidonge huenda visifanye kazi vizuri.

Tano, mtu aweza kunenepa tena. Mfuko ni mdogo, lakini soda na juisi tamu hupita hata katika mfuko mdogo.

NANI ANAFAA, NA AENDE WAPI

Mwaka wa 1991, wataalamu wa Marekani waliweka kanuni: upasuaji huu ni kwa mwenye namba ya 40 na zaidi, au mwenye 35 pamoja na maradhi makubwa kama sukari. Mwaka wa 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kanuni hiyo mpaka 35, hata bila maradhi mengine. Na mwenye 30 aliye na sukari naye aweza kufikiriwa. Lakini namba peke yake haitoshi. Mganga huangalia moyo, mapafu, akili, na kama mtu ameelewa yale matunzo ya maisha yote. Anayetaka tu kupendeza katika arusi mwezi ujao, hii si dawa yake.

Zamani Mtanzania aliyetaka matibabu haya aliyafuata nchi za nje, kama India. Katika miaka hii ya 2020, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, nje kidogo ya Dar es Salaam, ilianza kuweka puto na kisha kufanya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Muhimbili kuanzia mwaka wa 2022 kabla ya kwenda kuongoza Shirika la Afya Duniani katika Afrika mwaka wa 2025, alijulikana nchini kote kwa kuwafundisha watu juu ya chakula na unene.

Kutoka Kirumba mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100. Kwa hiyo usipande basi kabla ya kupanda ngazi. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe uzito, sukari na shinikizo la damu. Kutoka hapo mganga aweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Sekou Toure, au kule juu kilimani, Bugando. Wao ndio watakaosema kama yafaa uende Muhimbili. Na ukifika huko, uliza maswali haya: Mmefanya upasuaji huu kwa watu wangapi? Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na vidonge na vipimo vya baadaye? Nikirudi Mwanza, nani atanitazama?

MAMA NA DAKTARI

Sasa tumalize hadithi ya mama wetu. Alikwenda kwa daktari. Daktari alikuwa kijana, kama mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Daktari alimpima, akamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Mama akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, kisu sikiogopi. Nimezaa watoto watano. Naogopa sokoni."

"Unaogopa nini sokoni, mama?"

"Nikipungua kilo 32, watasema nina UKIMWI. Mwenzetu mmoja alipungua kwa sukari tu, wakasema hivyo. Wateja wakamkimbia. Hata katika chama chetu cha kukopeshana, wakaogopa kumpa zamu, wakidhani atakufa na deni."

Daktari hakucheka, kwa kuwa jambo hilo ni kweli. Katika miaka ile UKIMWI ulipoingia kando ya Ziwa, kabla ya dawa kufika, kukonda kulikuwa dalili ya kifo. Watu waliona ndugu zao wakikonda, wakawazika. Ndiyo maana mpaka leo mwili mnene huitwa neema, na mwili uliopungua huitwa msiba. Leo mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake aweza kuishi miaka mingi na kufanya kazi, lakini hofu ya zamani haijaondoka.

"Mama," akasema daktari, "siwezi kuufunga mdomo wa soko. Lakini waweza kutangulia. Waite wenzako wa chama kabla hujasafiri. Waambie unakwenda kufanya nini na kwa nini. Jambo lililosemwa mbele ya watu halina tamu ya kunong'onwa."

Mama akafikiri. "Na nikikataa?"

"Ukikataa, bado mimi ni daktari wako. Tutaendelea na dawa za sukari, tutapunguza chumvi, tutatembea kidogo kidogo. Sitakufukuza wala kukulaumu. Lakini nisikudanganye: magoti na moyo wako haviwezi kungoja miaka mingi."

Mama akaomba barua. Hakusema kwamba atakwenda. Alisema ataipeleka kwanza kwa mumewe na binti yake, waisome pamoja. Barua ile ilikuwa ya ukurasa mmoja. Na kwa kuwa mama huyu naye ni mwanafunzi wa darasa la watu wazima, aliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, akiwa amekaa juu ya jiwe, pale anaposimama kupumzika mara ya tatu.

Basi, wanafunzi wapenzi, yule ndugu wa nyuma aliuliza, "Unene si neema?" Jibu langu ni hili. Mwili wenye afya ni neema, uwe mnene kidogo au mwembamba. Lakini unene unaomkatia mtu pumzi usiku ni maradhi, na mgonjwa hachekwi wala hasifiwi kwa maradhi yake. Hutibiwa. Upasuaji ni dawa moja kati ya dawa zake. Ni kali, ina hatari, na ni kwa wachache. Wale wachache wana haki ya kuijua.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mtu mmoja ana kilo 64 na urefu wa meta 1.60. Namba yake ni ngapi? Je, imefika uzito uliozidi?

2. Kwa nini si haki kusema kwamba kila mtu mnene hana nia?

3. Taja mambo matatu ambayo mtu aliyepasuliwa lazima ayafanye maisha yake yote.

4. Mama wa mfano aliogopa maneno ya sokoni kuliko kisu. Kama ungekuwa katika chama chake cha kukopeshana, ungesema nini siku aliyowaita?

5. Andika barua fupi kwa mganga, umwombe akupime uzito na sukari. Msomee mwenzako barua hiyo.